Kompresa ya AC niliyobadilisha ilidumu siku 11

Siku ya 11. Najua ni ya 11 kwasababu risiti ya duka nilikua nimeikunja nikaitupia kwenye droo ya dashibodi, na nilivyoitoa pale pale kwenye foleni ya Mandela, kati ya Buguruni na Tabata Relini, nikahesabu kwa vidole mara mbili. Siku 11. Kompresa ya AC niliyoinunua laki na themanini ilikua inalia kama mashine ya kusaga iliyomeza jiwe, alafu upepo ukabadilika taratibu kutoka baridi ukawa vuguvugu ukawa moto kabisa, alafu ikaja harufu, ile ya mpira na rangi vinaungua pamoja. Nikazima AC fasta, nikashusha vioo vyote vinne. Yani vitatu, cha nyuma kushoto hua hakishuki. Februari, saa 11 jioni, Dar. Anaejua anajua.

Naandika hii kwasababu tangu siku ile nimeulizwa na watu kadhaa wenye magari ya umri kama wa yangu na stori zao zote zinafanana, nimefunga kompresa nyingine, imepiga wiki mbili, imekufa, fundi kasema "bahati mbaya boss, used ndo zilivyo". Na mi nilikua naamini hivo hivo. Itakua ndefu kidogo ila kama uko kwenye foleni soma tu, muda unao.

Gari ni Corolla 110 ya 1998, injini 5A. Dashibodi inasema kilometa laki mbili na themanini, ila tunajuana, zile namba kuna watu wameshazipa ushauri kabla hazijafika bandarini. Gari haina shida, inatembea, inakula vizuri, na AC yake ilikua inagandisha mpaka mke wangu anabeba kanga ya kujifunika miguu. Januari kompresa iliyokuja nayo toka Japani ikajam. Mkanda ukapiga kelele, moshi kidogo, kimya.

Fundi wa kwanza nikampata karibu na kazini. Kijana, mchangamfu, kafungua boneti kachungulia kama sekunde tano: "Kompresa hiyo boss. Kalete nyingine, lisaa limoja tu unaondoka." Nikaenda kwenye maduka ya spea used kule Ilala. Kama hujawahi kufika, kompresa zinapangwa chini kwenye sakafu kama mafenesi sokoni, nyingi zimepitia Dubai na Sharjah kwenye makontena, zinapakuliwa na vumbi lake. Muuzaji akaniokotea moja, akaizungusha kwa mkono, "hii kali, hii imetoka kwenye gari ya mzee". Matundu yake mawili ya kuingilia na kutokea gesi yalikua wazi, hayana kizibo wala gundi ya karatasi. Sikujua kama hilo ni tatizo, nikalipa.

Kijana akafunga. Alichofanya nakumbuka vizuri sana sasa hivi kuliko nilivyokua nakiona siku ile: akatoa kompresa mbovu, akaweka nyingine, akamimina oili kidogo kwa kukadiria, akafungulia gesi kidogo itoke upande wa pili "kutoa hewa", akajaza gesi huku mkono mwingine ameuweka kwenye tundu la dashibodi kusikilizia baridi. Baridi ikaja, nikampa hela yake na ya soda. Muda wote ule hakuna aliyeuliza ile ya kwanza imekufa kwasababu gani. Ni kama mtu kafa ghafla nyumbani, mnazika, mnaleta mpangaji mwingine chumba kile kile na sumu bado iko kwenye mtungi wa maji.

Baada ya Mandela nikakaa siku tatu nina hasira, siendi kwa fundi yeyote. Duka lenyewe nilirudi, na jibu nililitegemea, kitu cha umeme na cha used hakina garantii, ukishatoka nacho mlangoni ni chako. Sawa. Jirani yangu ndo akanielekeza kwa mzee mmoja huku huku Tabata, mzee ambae maisha yake yote alikua anatengeneza majokofu na vyumba vya baridi vya samaki, magari kaja kuyashika uzeeni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. AC?"

"Ndio mzee. Nimefunga kompresa, wiki mbili hazijafika imekufa."

"Na ya kwanza ilikufaje?"

"Ilijam."

"Nani aliiua?"

Nikacheka nikidhani ananitania. Hakucheka. Akavuta kigoda.

Kwanza akafunga geji mbili, ya bluu kwenye bomba nene la presha ya chini na nyekundu kwenye bomba jembamba la presha ya juu, gari ikiwa imezimwa. Zote zikasimama kwenye 95 psi hivi (psi ni kipimo cha presha). Akaniambia hapo gesi ya R134a, ndo hii ya AC yangu, ikiwa imetulia kwa joto la nje la nyuzi 30 hivi presha yake inatakiwa icheze humo humo karibu na mia, kwahiyo gesi ipo. Ila akanionya kwamba hiyo namba haikuambii ipo kiasi gani, hata ikiwa imebaki ya kimiminika kidogo tu geji itasoma vile vile, inakuambia tu kwamba haijaisha. Hapo nikakumbuka wale mafundi wote wa barabarani ambao wimbo wao ni mmoja, "gesi imepungua, tuongeze". Gesi ya AC haipungui kwa kutumika kama petroli jamani. Inazunguka humo humo miaka na miaka. Ikipungua inavuja, na kama inavuja ukiongeza bila kutafuta tundu umenunua baridi ya wiki tatu.

"Washa. Dakika moja tu. Usikanyage mafuta."

Nikawasha, ile kelele ya kusaga ikarudi. Geji ya bluu ikashuka mpaka 70 ikagoma hapo. Nyekundu ikapanda mpaka 130, ikagoma. Akasema zima. Sasa kwa AC nzima, kwa joto letu hili, bluu inatakiwa iwe kwenye thelathini na kitu, nyekundu iwe mia mbili na kitu hivi. Ukiona zimekaribiana, ya chini iko juu na ya juu iko chini, basi kompresa inazunguka ila haisukumi, vitu vya ndani vimelika, gesi inarudi ilikotoka. Ingekua valvu ya ekspansheni imeziba tungeona kitu kingine, bluu ingezama mpaka karibu na sifuri au chini yake.

Kwa wasiojua, na mi nilikua sijui, hii AC inafanya kitu kile kile anachokifanya nesi akikupaka spiriti kabla ya sindano, pale inapokauka unahisi baridi. Gesi ikiwa maji maji inapita kwenye kitundu kidogo cha ile valvu ya ekspansheni, inageuka mvuke ndani ya evaporeta iliyo nyuma ya droo ya dashibodi, inanyonya joto la ndani ya gari. Alafu kompresa inaivuta ule mvuke inaukandamiza, unakua wa moto sana, unapelekwa mbele kwenye kondensa iliyokaa mbele ya rediata ili upepo uuchukue lile joto, unarudi kuwa maji maji, unapita kwenye draya kuchujwa na kukaushwa, safari inaanza upya. Na oili ya kompresa inasafiri na gesi. Haina sampu yake ya kukaa kama ya injini, inazunguka mfumo mzima. Shikilia hapo kwenye oili.

Mzee akaivuta gesi akaiingiza kwenye mtungi wake, hakuiachia hewani kama nilivyozoea kuona. Nikamuuliza kwani hii si ndo ile isiyotoboa ozoni, akasema ozoni haitoboi, ile iliyokua inatoboa ni R12 ya magari ya zamani, lakini hii kilo yake moja inapasha dunia joto sawa na zaidi ya kilo elfu moja za hewa ya ukaa, "na pia ni hela, kwanini niipulize?" Hoja ya pili ilinigusa zaidi, nisiwe muongo.

Alafu akafungua bomba lililokua linatoka kwenye kompresa, akachukua tishu nyeupe, akaisokota akaichomeka ndani akaizungusha, akaitoa akanipa.

Hiyo tishu ninayo mpaka leo kwenye kimfuko cha nailoni. Oili inatakiwa iwe kama mafuta ya kupikia, nyeupe au njano kidogo. Hii ilikua ya kijivu, karibu nyeusi, na nilivyoipeleka juani ikameremeta. Vipande vidogo vidogo vya alumini kama yale mapambo ya kumetameta wanayopaka watoto wa kike kwenye kucha. Nikapitisha kidole, ikakwaruza.

"Hiki sio cha kompresa hii," mzee akasema. "Siku 11 haziwezi kutoa uchafu wote huu. Hiki ni cha marehemu."

Kumbe ile ya kwanza ilivyojam ilijisaga kabla ya kufa, na unga wote ule wa chuma ukasukumwa mbele, ukaenda kukaa kwenye kondensa na kwenye draya. Tulivyofunga kompresa ya pili tukaifungia kwenye mabomba yale yale, na yenyewe ikaanza kunywa oili iliyochanganyika na msasa. Siku 11 ni nyingi, ilijitahidi.

Kwani haiwezi kusafishwa? Mabomba yanaweza, evaporeta inaweza kwa dawa ya kuflashi na hewa ya naitrojeni, mzee aliziflashi mpaka kikatoka kitu cheupe. Lakini kondensa za aina hii ndani zina vijinjia vyembamba vingi vilivyokaa sambamba, na dawa ukiipitisha inachagua njia iliyo wazi, ile iliyoziba inabaki imeziba. Nilibishana nae kidogo hapa kwasababu kondensa mpya ni hela. Akanipa bomba la hewa nijaribu mwenyewe. Nilipuliza, upande mmoja ukatoka uji wa kijivu, nikaacha kubisha.

Draya ndo ilinichekesha. Ilikua ya tangu Japani, haijawahi kuguswa. Kabla hajaitoa aliniambia ile dakika moja nilivyowasha alishika bomba linaloingia na linalotoka, moja la moto, lingine limepoa kabisa mpaka lina umande. Kwenye draya nzima yanatakiwa yalingane. Likipoa upande wa kutokea maana yake pale pameziba na gesi imeanza kutanuka sehemu ambayo sio yake. Tukaikata kwa msumeno wa chuma. Zile punje za kunyonya maji ambazo zilitakiwa ziwe kama dengu zilikua zimegeuka tope la kahawia. Draya ni kati ya vitu vya bei ndogo kwenye huu mfumo na ndo watu wengi wanaruka kubadilisha.

Ila swali la mzee bado lilikua halijajibiwa, nani aliiua ya kwanza.

Akaniambia washa gari, bonyeza AC, japo kompresa haipo feni zitaitikia kwasababu atazipa umeme moja kwa moja. Corolla hii mbele ina feni mbili, ya rediata na ya kondensa. Zote zikazunguka. Nikasema mzee feni ziko sawa. Akachukua kipande cha boksi la maziwa akakigusisha kwenye feni ya kondensa, ikasimama! Akakitoa, ikaanza kuzunguka polepole. Ile feni ilikua imekufa kitambo, inazungushwa na upepo wa mwenzake. Akafungua mota, kaboni zake za kupitisha umeme zimeisha mpaka kwenye waya.

Hapo ndo vitu vyote vikaanza kukaa sawa kichwani. Tangu kama Oktoba nilikua naona AC inapoa vizuri nikiwa nakimbia Bagamoyo Road usiku, nikikwama kwenye foleni inalegea, nikisogea inarudi. Nikawa nasema ni joto tu. Ni feni. Gari ikitembea upepo wa njia unapoza kondensa, ikisimama hakuna wa kuipoza, presha ya juu inapanda mia tatu, mia tatu na hamsini, kompresa inasukuma ukuta. Ipo swichi ya presha ya kuikata isipasuke lakini inakata ikishafika kwenye mia nne na kitu, huko chini yake kompresa inateseka tu, oili inakua nyepesi kama maji, vyuma vinagusana. Miezi minne nimeitesa hivo. Muuaji ni mota ya feni ya shilingi elfu arobaini, na mimi nikiwa shahidi nilieona kila kitu nikanyamaza.

Kipimo cha bure kabisa cha hili, ambacho ningekijua Oktoba ningeokoa hela nyingi: gari ikiwa imesimama na AC inalegea, mwagia maji kondensa, lita mbili tatu kwa mbele kupitia grili. Baridi ikirudi ndani ya dakika moja basi gesi yako ipo na kompresa yako nzima, shida ni joto halitoki. Angalia feni, angalia kama kondensa imejaa vumbi na majani na wale wadudu.

Kompresa ya tatu nilienda kuichagua mwenyewe, na safari hii nilikua na masomo. Nilizikataa saba. Muuzaji alikua ananiangalia kama mtu anaenunua mbuzi wa mahari. Kwanza nilitaka zenye vizibo tu kwenye matundu, kwasababu oili ya PAG, ndo oili ya kompresa hizi, inakunywa unyevu wa hewani kama chumvi, na hewa ya Dar si unaijua, chumvi yenyewe kwenye kopo inalowana. Kompresa iliyokaa wazi miezi sakafuni ndani yake oili imeshakua na maji, maji yakikutana na gesi na joto unapata asidi, asidi inakula vyuma. Pili unazungusha ile sahani ya mbele ya klachi, yani kile kinachoishikanisha kompresa na puli ya mkanda kwa sumaku AC ikiwashwa, sio puli yenyewe, watu wengi wanazungusha puli ambayo inazunguka kwenye beringi yake tu haikuambii chochote cha ndani. Sahani ndo imeshikana na shafti. Iende laini, isiwe na sehemu inakwama, na ukiziba tundu la kutokea kwa kidole gumba uhisi inakusukuma. Tatu unaigeuza unadondosha oili kwenye tishu. Nne unapima koili ya klachi, ndo sumaku yake, kwa mita ya umeme, ya kwangu ilisoma ohmu 3.7, ikisoma sifuri imepiga shoti, isiposoma kitu imekatika. Tano, na hii ilinikataza mbili nzuri kabisa, hesabu mifereji ya puli na linganisha masikio ya bolti na yako. Kompresa mbili zinafanana kama mapacha alafu puli ya moja imekaa nje milimita tano na mkanda hauendi.

(Kama una Toyota kubwa kidogo ya miaka hiyo, angalia pia kama kompresa yako ina sensa ya kusoma mzunguko, plagi yake inakua na waya zaidi ya moja. Ukifunga isiyo na sensa, taa ya AC inaanza kupepesa na inakata wakati kompresa ni nzima kabisa. Kuna watu wametupa kompresa nzima kwa hilo. Ya kwangu haina, waya mmoja tu, ethi, yani njia ya umeme kurudi, inapatia kwenye bodi yake.)

Kufunga ilichukua siku nzima sio lisaa. Kondensa mpya, draya mpya, valvu ya ekspansheni mpya, oringi zote mpya za kijani zilizopakwa oili. Oili PAG 46, mzee akaipima kwenye bomba la sindano, mililita 120 mfumo mzima kwasababu kila kitu kilikua kikavu, akaigawa, nyingine kwenye kondensa, nyingine kwenye evaporeta, nyingine kwenye kompresa, alafu akaizungusha sahani kwa mkono mara kumi ili isije ikawashwa ikiwa na oili imejaa kwenye silinda. Draya akaifungua kizibo mwishoni kabisa, dakika ile ile ya kufunga. Vakyumu, yani pampu ya kunyonya hewa yote ya ndani, dakika arobaini na tano, geji ya bluu ikazama mpaka karibu na 30 chini ya sifuri (hapo ni inchi za zebaki, sio psi). Pale maji yaliyobaki ndani yanachemka yenyewe bila moto yanatoka kama mvuke, ndo maana kule "kutoa hewa" kwa kupuliza gesi ni kujidanganya. Akafunga koki, tukanywa chai nusu saa, mshale haukusogea. Gesi akaipima kwenye mizani kwa namba ya stika iliyopo chini ya boneti. Mkono hakuuweka kwenye tundu la dashibodi hata mara moja.

Ikasoma 38 na 215. Kipimajoto kwenye tundu la katikati nyuzi 8, saa saba mchana. Karibu nilie.

Siku ya nne, foleni ya Mandela, klik, AC ikakata.

Aisee. Niliona giza. Baada ya dakika kumi ikarudi, nusu saa mbele ikakata tena. Mzee alikua kasafiri msibani Moshi, simu haipatikani. Jirani akasema gesi imezidi, mwingine akasema "si nilikwambia used", na kuna kijana alikua tayari ameshika spana kuachia gesi. Nikamwambia kaka subiri kwanza, nikachukua mti wa fagio.

Gari ikiwa inaunguruma na AC imewashwa ila imekata, puli inazunguka ila sahani ya mbele imesimama. Hapa kua makini na mkanda na mikono na shati. Nikaigonga sahani kidogo kwa ncha ya mti. Tak! Ikanasa, ikaanza kuzunguka, baridi ikaja. Kwahiyo umeme upo, sumaku ipo, ila haina nguvu ya kuivuta sahani. Nikaleta mita. Betri 13.6. Plagi ya kompresa, ikiwa imechomekwa na mzigo uko juu yake, 11.1. Volti mbili na nusu zimepotelea njiani! Nikaazima relei inayofanana, ile swichi ndogo inayoipelekea klachi umeme, kutoka boksi lile lile la fyuzi, ikapanda 12.7. Relei ya zamani nilivyoifungua ndani vile vidomo vya kugusana vilikua vimeungua vyeusi. Miaka yote hiyo inakata na kuwasha. Nikasafisha na plagi iliyokua na ukungu wa kijani, ikafika 13.2.

Ikabaki nafasi ya klachi. Kati ya sahani na puli panatakiwa pawe na upenyo mdogo sana, karibu nusu milimita. Nikapenyeza fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia upenyo, ikaingia ya 0.9. Kompresa used, sahani imelika. Ikiwa ya baridi sumaku inaweza kuivuta, koili ikipata moto upinzani wake unaongezeka, umeme unapungua, sumaku inalegea, inaachia. Ndo maana ilikua inasubiri foleni. Dawa yake ni bolti moja katikati, spana namba 10, unavuta sahani, kwenye shafti unakuta washa nyembamba kama karatasi, mbili au tatu. Nikatoa washa moja nikarudisha sahani, 0.5. Bila kugusa gesi wala kutoa kompresa, dakika ishirini nikiwa nimekaa kwenye ndoo.

Na hapo nikaanza kujiuliza kuhusu ile kompresa ya pili, ile harufu ya mpira na rangi siku ya Mandela. Ile ilikua klachi inateleza. Kwahiyo hata ingekuta mabomba masafi, hiyo relei ingeila tu taratibu.

Mzee karudi toka msibani, nimempa pole, nimemuonyesha ile relei. Kaiangalia, kanirudishia, kasema "nilipima koili sikupima njia yake, hilo ni langu". Alafu akagoma kuchukua hela ya kuangalia tena presha. Akanionyesha kitu kimoja tu, alama ndogo ya oili mbele ya kompresa kwenye sili ya shafti, kama ukucha. Sio ya kubadilisha sasa hivi, ila ameniambia sili hizo zinakauka AC isipowashwa, oili inakaa chini haifiki juu, kwahiyo kila wiki niiwashe dakika kumi hata kama kuna baridi. Basi mwezi wa sita na wa saba, mkiona Corolla ya fedha Tabata imefunga vioo vyote asubuhi na dereva kavaa sweta, ni mimi. Kile cha nyuma kushoto bado sijatengeneza, ila angalau kimefungwa.